Moto Umezimwa, Mteremko Bado ni Hatari: Jinsi Ardhi Iliyoungua Inavyoleta Mafuriko na Maporomoko

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, nyasi na vichaka vya mteremko wa Elgeyo vikiwa vimekauka kabisa, moshi huonekana ukipanda kutoka upande mmoja au mwingine. Mara nyingine moto huanzia kwa mtu anayesafisha shamba kabla ya kupanda. Mara nyingine ni tanuri la makaa lililoachwa bila mtu, au mrina asali aliyedondosha kijinga cha moto chini ya mti. Wakazi hupanda na matawi mabichi, mapanga na majembe, wakisaidiana na maafisa wa misitu, na baada ya siku moja au siku nne habari njema inatangazwa: moto umedhibitiwa.

Kwa watu wengi habari huishia hapo. Kwa anayeishi chini ya mteremko huo, karibu na mkondo wa mto au korongo, huo ndio mwanzo wa kipindi cha pili cha hatari, na hiki hakina moshi wa kumwonya.

Sababu ni kalenda. Mvua ndefu huanza Machi, na Aprili huwa ndiyo kilele chake katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Mlima ulioungua katikati ya Februari una wiki chache tu kabla ya kupigwa na mvua kubwa ya kwanza. Katika muda huo hakuna nyasi itakayokuwa imeota ya kutosha kushika udongo.

Ardhi hubadilika vipi baada ya kuungua

Msitu au kichaka kizima kina kinga tatu dhidi ya mvua. Majani ya juu hupunguza nguvu ya matone. Majani makavu yaliyoanguka chini hunyonya maji kama godoro na kuyaachilia polepole. Mizizi hufungua njia za maji kuingia ardhini na wakati huohuo kuufunga udongo usiteleze. Moto mkali huondoa kinga mbili za kwanza siku ileile. Ya tatu huiua kidogo kidogo, na tutairudia baadaye kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kinachofuata ni jambo ambalo wengi hawalitarajii. Majani ya mimea mingi, hasa mikaratusi, misonobari na vichaka vyenye utomvu, yana mafuta na nta. Yanapoungua, nta hiyo hugeuka mvuke. Sehemu ya mvuke hupanda na moshi, lakini sehemu nyingine husukumwa chini ndani ya udongo, na inapofika mahali penye baridi, sentimita chache tu chini ya uso wa ardhi, huganda na kupaka chembe za mchanga. Hali hii hukomaa zaidi udongo unapopata joto la takriban nyuzi 175 hadi 200 za Selsiasi. Joto likipita kiasi cha nyuzi 280 hivi, nta yenyewe huungua na tabaka hilo huharibika. Kwa hiyo si kila mahali palipoungua hupata tabaka hilo. Penye moto wa wastani panaweza kulipata zaidi ya penye moto mkali kupindukia.

Kulitambua si kazi ngumu. Ondoa jivu, chimba kidogo kwa kijiti, kisha dondosha maji. Kwenye udongo wa kawaida tone hupotea mara moja. Kwenye udongo uliopakwa nta tone hukaa juu limeviringika, kama umande juu ya jani la nduma.

Jivu nalo lina mchango wake. Likiwa jipya na kavu huweza kunyonya maji kidogo, lakini likishapigwa na mvua chembe zake laini huziba vitundu vya udongo. Matone ya mvua, ambayo sasa hayana jani la kuyazuia, huukanda uso wa ardhi ukawa kama sakafu iliyopigwa lipu. Mvua iliyokuwa ikizama sasa inateleza.

Hesabu ndogo inasaidia kuona ukubwa wa jambo lenyewe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hivyo mvua ya milimita 20 ikinyesha kwenye hekta moja huleta lita 200,000. Chukua mteremko wa hekta 50 ulioungua. Ikiwa nusu tu ya maji hayo itakosa kuingia ardhini, lita milioni 5 zitakimbilia kwenye korongo moja, sawa na malori 500 ya maji yenye ujazo wa lita 10,000 kila moja. Mvua ileile mwaka uliotangulia, mteremko ukiwa na mimea, ingelipandisha mto kidogo tu na wengi wasingeligundua.

Mafuriko, matope yenye mawe, na maporomoko ni mambo matatu

Katika mazungumzo ya kila siku mambo haya huitwa kwa jina moja, lakini yana tabia tofauti, na anayeyachanganya anaweza kusubiri ishara isiyofaa.

La kwanza ni mafuriko ya ghafla. Maji yenye jivu na udongo hushuka kwa wingi na kwa kasi, hujaza mto na kupungua baada ya saa chache.

La pili ni matope yanayobeba mawe na magogo, na hili ndilo linaloua zaidi baada ya moto. Maji yanayoteleza juu ya mlima huchimba vijito vidogo vidogo, vijito hivyo hukutana korongoni, na huko huzoa mchanga, kokoto, vigogo vilivyoungua na mawe yaliyokuwa yametulia kwa miaka. Mchanganyiko huo huwa mzito kama zege bichi. Maji matupu hulizunguka jiwe kubwa. Matope mazito huliinua na kulibeba. Ndiyo maana baada ya mikasa ya aina hii watu huona mawe yenye ukubwa wa matatu yakiwa katikati ya uwanja na kujiuliza yalifikaje. Mbele ya mtiririko huwa kuna ukuta wa mawe na magogo, na nyuma yake matope mepesi yanayousukuma. Jambo la kuzingatia ni kwamba hali hii haihitaji mvua ya siku nyingi. Haihitaji ardhi iwe imelowa. Mvua kali ya dakika chache inatosha, hata ikiwa ndiyo ya kwanza ya msimu.

La tatu ni maporomoko ya ardhi yenyewe, ambapo kipande kizima cha mlima hukatika na kuteleza. Haya kwa kawaida hutaka mvua ya muda mrefu, maji yakiwa yamezama ndani sana na kuulegeza udongo.

Wakazi wa Marakwet hawahitaji kuelezwa sana kuhusu nguvu ya mlima unaposhuka. Chesegon, kwenye mpaka na Pokot Magharibi, ilipigwa usiku wa mvua mwezi Aprili 2020, na soko likafunikwa kwa matope na mawe. Chesongoch ilipata msiba mwingine mwanzoni mwa Novemba 2025, ambapo makumi ya watu walipoteza maisha. Jirani zetu wa Pokot Magharibi walizika wapendwa wao Novemba 2019. Makala haya hayasemi kwamba mikasa hiyo ilisababishwa na moto. Ilikuja katika majira ya mvua nyingi. Hoja ni kwamba ukingo huu unaweza kushuka hata ukiwa haujaungua. Ukiungua, kiasi cha mvua kinachohitajika kuushusha hupungua.

Kilichotokea Montecito

Mahali ambapo uhusiano wa moto na matope umechunguzwa kwa karibu zaidi ni jimbo la California, Marekani. Milima ya huko, kama ukingo wetu, imesimama juu ya makazi, na moto huja kabla ya mvua.

Tarehe 4 Desemba 2017 moto ulioitwa Thomas ulianza katika vilima vya kusini mwa jimbo hilo. Uliunguza zaidi ya hekta 114,000, na wakati huo ulikuwa ndio mkubwa zaidi katika kumbukumbu za California. Haukuwa umedhibitiwa kikamilifu wakati dhoruba ilipofika alfajiri ya tarehe 9 Januari 2018, wiki tano tu baada ya kuanza kwake. Juu ya mji wa Montecito zilinyesha takriban milimita 13 za mvua ndani ya dakika tano. Si mvua nyingi kwa jumla. Ni mvua nyingi kwa dakika hizo. Makorongo kadhaa yalijaa kwa pamoja, matope yakashuka na mawe makubwa hadi kwenye nyumba na kuvuka barabara kuu kuelekea baharini. Watu 23 walipoteza maisha. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa au kubomolewa, na barabara hiyo kuu ilifungwa kwa karibu wiki mbili.

Montecito si mji wa watu maskini, na onyo lilikuwa limetolewa kabla. Wanajiolojia walikuwa wamechora ramani ya makorongo yenye hatari, na viongozi walikuwa wameamuru watu wa sehemu ya juu wahame na kuwashauri wa sehemu ya chini wafanye vivyo hivyo. Wengi wa waliofariki walikuwa katika sehemu iliyoshauriwa tu. Watu hao walikuwa wamekwisha kuhama kwa sababu ya moto wiki chache kabla, wakarudi, na kuambiwa wahame tena kwa ajili ya mvua ambayo ilikuwa bado haijaonekana. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu angebaki kitandani.

Shirika la Jiolojia la Marekani linaeleza kwamba kusini mwa California mvua ndogo ya milimita 7 kwa nusu saa imewahi kutosha kuanzisha matope ya aina hii kwenye ardhi iliyoungua. Kipimo hicho hakiwezi kuhamishwa hivi hivi hadi Elgeyo Marakwet, kwa kuwa miamba, udongo na mimea ni tofauti. Hata hivyo, kinafaa kusomwa pamoja na tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambazo kwa mvua kubwa mara nyingi hutaja zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Kwa mteremko ulioungua, swali si tu mvua itanyesha kiasi gani kwa siku. Swali ni kama itanyesha yote kwa dakika kumi na tano.

Kijani kinavyodanganya

Baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua, mteremko huota nyasi na vichaka. Tabaka la nta huvunjika, maji huanza tena kuzama, na hatari ya matope ya ghafla hupungua. Kwa kawaida miaka miwili ya kwanza ndiyo mibaya zaidi kwa hatari hiyo.

Lakini hapo ndipo mizizi inapoingia. Mti uliouawa na moto hauiachii ardhi siku hiyo. Mizizi yake hubaki imeshika udongo kama kamba zilizofichwa, kisha huoza polepole kwa miaka kadhaa. Miche mipya inakuwa bado midogo na mizizi yake ni mifupi. Kwa hivyo kuna kipindi, takriban kuanzia mwaka wa tatu na kuendelea, ambapo kamba za zamani zimekatika na mpya hazijafika chini. Maji nayo sasa yanazama vizuri, yaani yanaweza kuulowesha udongo hadi ndani. Mvua ndefu ya msimu mzuri ikinyesha wakati huo, mlima unaoonekana wa kijani kabisa unaweza kukatika. Mtu aliyepitia mafuriko ya mwaka wa kwanza salama hudhani mambo yamekwisha, kumbe hatari imebadilika sura tu.

Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo ardhi iliyoungua imegeuzwa shamba. Mahindi na viazi havina mizizi ya kushika mteremko, na jembe hulegeza kile kilichobaki.

Bonde hupokea kila kitu

Kaunti hii imejengeka kama ngazi: nyanda za juu zinazofika zaidi ya mita 3,000 kwenye vilima vya Cherangany, mteremko mkali katikati, na Bonde la Kerio chini, lililo kwenye takriban mita 1,000. Moto unaowaka Embobut au juu ya Arror hauwahusu wa huko juu peke yao. Mito inayotoka huko ndiyo hulisha mifereji ya umwagiliaji ambayo Wamarakwet waliichimba na kuitunza kwa vizazi vingi. Mdomo wa mfereji uko pale hasa ambapo matope hupita. Ukizibwa na mawe wakati wa mvua, hasara haionekani sana. Huonekana mvua zikikatika, mashamba ya bondeni yakihitaji maji na mfereji ukiwa bado umefukiwa.

Maji ya kunywa pia huathirika. Jivu na udongo huingia kwenye vyanzo vya miradi ya maji, huziba machujio na kuyageuza maji kuwa meusi. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi jivu, kwa hivyo yaache yatulie kwenye ndoo, yamimine sehemu safi ya juu, uichuje kwa kitambaa, kisha uchemshe.

Halafu kuna kalavati. Magogo yaliyoungua ni mepesi na hushuka mapema. Yakikwama kwenye kalavati ndogo, tuta la barabara hugeuka bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyelipanga. Nchi nzima iliona Aprili 2024 kule Mai Mahiu kile kinachotokea maji yaliyozuiwa namna hiyo yanapopasua njia usiku: zaidi ya watu 40 walifariki. Huko nako hakukuwa na moto, ila ni njia ileile ya maji iliyozibwa na takataka za mlima.

Ishara, na nini cha kufanya

Mtu anayeishi chini ya mteremko ulioungua anastahili kujua mapema nyumba yake iko wapi ukilinganisha na korongo. Mahali ambapo korongo linatoka mlimani na kutandaza mchanga na mawe kama upepeo ndipo penye rutuba na ndipo watu hupenda kujenga. Upepeo huo ulitengenezwa na matope ya zamani. Mawe makubwa ya mviringo yaliyo shambani yalifika hapo kwa njia hiyo.

Mvua ikinyesha juu, hata kama kijijini ni kukavu, sikiliza. Mto ukipungua ghafla wakati mvua inaendelea, usifurahi: huenda umezibwa juu na unakusanya nguvu. Maji yakibadilika rangi mara moja, yakaleta matawi na harufu kali ya udongo, au ukasikia ngurumo kama ya malori mengi na ardhi ikitetemeka, muda uliobaki ni wa dakika chache. Kimbia upande, ukipanda mbali na korongo. Usikimbie kufuata mto kuelekea chini, kwa kuwa matope yatakuwa na kasi kuliko wewe, na usijaribu kuvuka daraja ili kuwahi ng'ombe. Matope huja kwa mawimbi, hivyo usirudi baada ya la kwanza kupita.

Kwa maporomoko, ishara huja polepole zaidi: nyufa mpya kwenye ardhi juu ya nyumba, miti au vigingi vya ua vinavyoinama, milango inayokwama ilhali jana ilifungika vizuri, chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na maji. Ukiona mojawapo wakati wa mvua, ripoti kwa chifu au msimamizi wa wadi siku hiyohiyo, na mulale kwingine.

Mikasa mingi ya ukingo huu imetokea usiku. Familia iliyo chini ya mteremko ulioungua inaweza kuamua mapema kwamba siku ambayo Idara ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari, watoto na wazee watalala kwa jamaa aliye mahali pa usalama, bila kusubiri kuona. Ni usumbufu, na mara nyingi mtarudi asubuhi mkute hakuna kilichotokea. Simu ibaki na chaji, na mtu mmoja katika kila boma akubali kukesha.

Mteremko wenyewe unahitaji kupumzishwa. Usiukate miti iliyoungua yote kwa ajili ya makaa. Iliyokwisha kuanguka ilazwe kwa kukingama na mteremko, ikigusa ardhi, ili ipunguze kasi ya maji. Tandaza nyasi kavu au mabua ya mahindi juu ya udongo ulio wazi, kwa kuwa ndiyo njia rahisi zaidi ya kurudisha lile godoro lililoungua. Mbuzi na ng'ombe wazuiwe hadi nyasi zishike mizizi, jambo ambalo wazee wa kijiji na jumuiya za misitu wanaweza kulisimamia vyema kuliko tangazo la ofisini. Mikingamo ya matete na nyasi ipandwe kwenye mashamba ya chini. Kalavati na mitaro isafishwe kabla ya Machi, na isafishwe tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo huleta magogo mengi.

Kuwasha moto msituni bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Uzimaji moto na usimamizi wa majanga ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba imeyapa serikali za kaunti, kwa hivyo ripoti za moto, hata mdogo uliokwisha kuzimwa na wanakijiji wenyewe, zifikishwe kwa afisi ya wadi zikitaja mahali, tarehe na korongo lililo chini yake. Moto usioripotiwa ni mteremko ambao hakuna atakayeuangalia mvua ikianza.

Wakati wa dharura, piga nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, au polisi kupitia 999 au 112.